Shajara ya mradi: kusafisha na kuhifadhi vipozeo vya maji ya kimea kati ya upishi mmoja na mwingine

Mradi huu unahusu vifaa vitatu ambavyo hufanya kazi kwa muda mfupi sana katika siku nzima ya kupika bia, kisha hukaa wiki kadhaa, na pengine miezi, bila kuguswa. Kazi yao ni kupoza maji ya kimea, yaani yale maji matamu yaliyochujwa kutoka kwenye kimea na kuchemshwa pamoja na hopsi, yaani maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, yashuke kutoka kwenye joto la kuchemka hadi nyuzi 20 hivi za Selsiasi, ili hamira itiwe bila kuuawa na joto, na ianze kazi yake kabla ya vijidudu vingine kuitangulia. Ninapika katika karakana ya gari iliyo kando ya nyumba, mjini Saint Paul katika jimbo la Minnesota, kwa kiasi cha galoni 5 kwa kila upishi, ambazo ni lita 19. Sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 inaruhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kupika hadi galoni 200 kwa mwaka kwa matumizi yao bila kulipa kodi; mimi sikaribii hata robo ya kiasi hicho, na kwa hiyo swali la vifaa vinavyokaa bure ni kubwa kwangu kuliko swali la vifaa vinavyofanya kazi.

Nia yangu ni kupata utaratibu mmoja wa kusafisha na mahali pamoja pa kuhifadhi kwa kila kifaa kabla ya baridi kuanza, na kuamua kama vyote vitatu vinastahili kubaki.

6 Septemba: Orodha ya vifaa

Cha kwanza ni koili ya shaba nyekundu, bomba la urefu wa mita 15 na kipenyo cha milimita 9.5 hivi, lililoviringishwa ili litumbukizwe ndani ya sufuria. Maji baridi ya bomba hupita ndani yake, na maji ya kimea huligusa kwa nje tu. Cha pili ni bomba ndani ya bomba: la ndani ni la shaba nyekundu na hupitisha maji ya kimea, la nje ni mpira mzito unaopitisha maji baridi kwa mwelekeo wa kinyume. Cha tatu ni kipozeo cha mabamba, ambacho nilikinunua kwa mtu aliyekuwa akiacha upishi: mabamba 30 membamba ya chuma kisichoshika kutu yaliyopangwa kwa kupandana na kuunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, maji ya kimea yakipita katika nafasi moja na maji baridi katika nafasi inayofuata, hadi mwisho.

Ukivitazama kwa upande wa upoozaji, orodha hii inapanda: koili ni ya polepole, mabamba ndiyo ya haraka. Ukivitazama kwa upande wa usafi, inashuka. Upande wa koili unaoguswa na bia ninauona wote kwa macho na kuupapasa kwa kidole. Katika bomba ndani ya bomba, upande huo umefichika, lakini angalau ni njia moja isiyo na kona, na maji yakisukumwa kwa nguvu hayana pa kupita ila hapo. Katika mabamba, njia zimegawanyika zikawa nyingi, kila moja ina upana wa takriban milimita 2, na uso wake una mikunjo iliyowekwa makusudi ili maji yavurugike. Mkunjo unaovuruga maji ndio huohuo unaonasa vipande vya hopsi.

Viungio, valvu, mipira ya silikoni na pampu nimeviweka katika orodha ya pembeni. Navyo vina uchafu wake.

13 Septemba: Koili

Leo nilipika, na koili ndiyo iliyotumika. Huingizwa ndani ya sufuria dakika 15 kabla ya moto kuzimwa, na mchemko wenyewe unatosha kuitakasa. Haihitaji dawa yoyote. Kinachohitajika ni kwamba iwe safi kabla ya kuingia, kwa kuwa maji ya kimea ni chachu kidogo, pH yake ni kama 5.2 hivi, na uchachu huo huyeyusha ule weusi au ukahawia uliotanda juu ya shaba. Ndiyo maana koili hutoka ikimetameta kuliko ilivyoingia, na wapo wapishi wanaofurahia mng'ao huo bila kujiuliza weusi umekwenda wapi. Kwa kiasi kidogo hauna madhara. Hamira huhitaji shaba kidogo sana, na shaba husaidia kuondoa harufu ya salfa. Lakini ile kutu ya kijani au ya samawati inayotokea mahali palipobaki unyevu ni sumu, na haiwezi kuruhusiwa kuingia katika sufuria. Hiyo huondolewa kwa siki nyeupe kabla ya siku ya kupika, kisha koili husuuzwa kwa maji mengi.

Utaratibu nilioufuata ni huu. Mara tu koili ilipotolewa sufuriani, kabla sijahamisha bia, niliinyunyizia maji ya mpira huku nikiizungusha, nikapitisha brashi laini katikati ya mizunguko, penye mashapo ya hopsi na ute wa protini ulioganda. Kazi hii hukamilika upesi ikiwa koili bado ina unyevu. Ikiachwa hadi jioni, ute huo hugeuka kuwa kama ukoko wa ugali uliokaukia kwenye sufuria, na kinachoweza kuondolewa kwa maji matupu kitadai kulowekwa na kusuguliwa.

Sikuisugua ili ing'ae. Ukahawia unaotanda juu ya shaba kavu ni kinga yake, na kuung'oa kila mara kwa steelwool au kwa dawa ni kuipunguza shaba bila faida.

Ndani ya koili hupita maji ya bomba tu, nayo hayaigusi bia, lakini hapo ndipo ilipo kazi ya kuhifadhi. Bomba la mita 15 lenye upenyo wa ndani wa milimita 8 hivi linabeba karibu robo tatu ya lita, na ukiliinua tu, sehemu kubwa ya maji hubaki chini ya kila mzunguko. Njia iliyofaa ni kuilaza koili kwa ubavu na kuizungusha mbele kama anayesokota parafujo, mdomo mmoja ukiwa wazi: kila mzunguko husogeza maji hatua moja kuelekea mdomoni, hadi yakamwagika yote. Baada ya hapo nikapuliza kwa kompresa ndogo ya kujazia matairi, na bado matone yakatoka.

20 Septemba: Kipozeo cha mabamba, maji ya kwanza

Nilitaka kujua hali ya kifaa kabla ya kukitumia. Aliyeniuzia alisema kuwa alikuwa akikisuuza kila mara, na sina sababu ya kumshuku. Shida ni kwamba kusuuza kwa mwelekeo mmoja hakutoshi. Vipande vya hopsi huingia na mkondo, hujikita penye mkunjo, na maji yanayopita kwa mwelekeo uleule huzidi kuvikandamiza.

Niliunganisha mpira wa bustani kwenye tundu la kutokea, ili maji yasukume kinyume, nikaweka kitambaa cheupe kwenye ndoo kukinga yanayotoka. Mara ya kwanza palitoka vipande vya kijani iliyokoza, kisha maji safi kwa muda, na mtu mwenye haraka angeishia hapo. Nilipofunga na kufungua maji kwa ghafla mara kwa mara, nikikigeuza kifaa juu chini na kukigongagonga kwa nyundo ya mpira, palitoka vipande vyeusi vyembamba, vigumu kama ganda la kitunguu lililokauka. Hiyo ni sukari na protini ya zamani, si ya upishi mmoja.

Kipozeo cha aina hii kina historia inayonifanya nikitazame kwa jicho la pili. Richard Seligman, mwanzilishi wa kampuni ya APV ya Uingereza, alikibuni kipozeo cha mabamba mwaka 1923 kwa ajili ya viwanda vya maziwa, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mabamba yalikazwa kwa fremu na boliti huku mipira ikiziba kingo, hivyo yangeweza kufunguliwa yote, kusuguliwa bamba kwa bamba, na kufungwa tena. Viwanda vikubwa vya bia na maziwa hutumia vya namna hiyo hadi leo. Hiki chetu kidogo cha nyumbani kimeunganishwa kwa kuyeyushiwa shaba, kikawa pande moja lisilofunguka. Ni umbo linalofaa sana kwa mifumo ya kupasha nyumba joto na majokofu, ambamo majimaji yaleyale safi huzunguka miaka na miaka. Sisi tumekiazima na kukipitishia mchuzi wenye majani. Sioni kosa katika kukiazima, ila ni lazima tukubali kwamba tumekipokonya uwezo wa kufunguliwa, na kila hatua ya usafi inayofuata ni kufidia upungufu huo.

27 Septemba: Dawa

Niliandaa maji ya nyuzi 65 yenye PBW, ambayo ni unga wa alkali wenye sodiamu pakaboneti na metasilikati, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, nikayazungusha kwa pampu ndani ya mabamba kwa nusu saa kuelekea upande mmoja na nusu saa kuelekea upande wa pili. Yalianza yakiwa meupe yakaishia kuwa na rangi ya chai ya rangi. Niliyamwaga, nikaandaa mengine, nikarudia, mpaka yaliyotoka yakafanana na yaliyoingia. Kisha maji moto matupu, mengi, kwa sababu alkali ikibaki hukaa juu ya chuma na kuua nguvu ya dawa ya asidi itakayofuata.

Jambo la kuzingatia ni kwamba pakaboneti hutoa haidrojeni peroksidi, nayo huifanya shaba nyekundu iwe nyeusi. Kwa mabamba si tatizo kubwa, kwa kuwa shaba iliyomo ni ile ya viungo tu na muda ni mfupi. Koili naiepusha nayo kabisa; haina uchafu unaostahili dawa hiyo.

Dawa nyingine nilizozifikiria na kuziacha: jiki, kwa sababu klorini hutoboa chuma kisichoshika kutu vidoadoa visivyoonekana na huchafua shaba, na kostiki soda, ambayo viwanda huitumia kwa ustadi, lakini katika karakana yenye mtoto anayeingia na kutoka sioni sababu ya kuwa nayo wakati unga wa alkali ya wastani, joto na muda vinatosha.

Rafiki ninayepika naye, ambaye naye anacho kipozeo kama hiki, ana desturi ya kukijaza Star San, dawa ya asidi ya kutakasia vyombo, baada ya kukisuuza na kuziba matundu yote manne hadi siku ya upishi unaofuata, akiamini kwamba kijidudu hakiwezi kuishi ndani ya asidi. Tulijadiliana jambo hili kwa kirefu. Ni kweli kwamba dawa hiyo, yenye asidi ya fosforiki, ina pH ya 3 au chini yake inapokuwa mpya. Lakini ni dawa ya dakika chache, si ya wiki kadhaa. Ikikaa juu ya shaba huila polepole, na shaba ndiyo inayoyashikilia mabamba yasivuje. Nilimwomba amwage kidogo kutoka kwenye kifaa chake ndani ya glasi nyeupe. Ilikuwa na rangi ya samawati. Rangi hiyo ni shaba iliyoyeyuka, na tangu siku hiyo amekubali kukihifadhi kikiwa kikavu, ingawa bado anasema kwamba ninapenda ubishi.

11 Oktoba: Mizani na oveni

Kuhifadhi kikiwa kikavu ni rahisi kutamka, lakini nitajuaje kwamba kimekauka, ikiwa sioni ndani? Jicho halisaidii na sikio linadanganya: unaweza kukitikisa usisikie kitu, kumbe maji yametanda katika mikunjo. Mizani ya jikoni ilitatua jambo hili. Nilikipima kifaa kikiwa kikavu kabisa, baada ya kutoka kwenye oveni, nikaandika uzito huo kwa kalamu isiyofutika ubavuni mwake. Kwa kuwa gramu moja ya maji ni mililita moja, kila uzito wa ziada baada ya kukisafisha ni maji yaliyobaki ndani, pamoja na uchafu, kama upo.

Matokeo yalinishangaza. Baada ya kukigeuza kila upande na kuacha kimwagike usiku kucha, bado kilibaki na makumi kadhaa ya gramu. Matundu yako karibu na kona, lakini si kwenye ukingo kabisa, kwa hiyo daima pana kidimbwi chini yake, upande wowote utakaokisimamisha. Kompresa ilipunguza sehemu kubwa ya maji hayo, lakini si yote. Oveni pekee ndiyo iliyourudisha uzito wa asili.

Utaratibu wa oveni ni huu: viungio vyote vya plastiki, washa za mpira na utepe wa kuzibia nyuzi huondolewa, matundu hufunikwa kwa karatasi ya alumini, bila kukazwa sana ili mvuke upate pa kutokea, kifaa huingia oveni ikiwa bado baridi, hupandishwa hadi nyuzi 175, na huachwa humo saa moja tangu chuma chenyewe kifikie joto hilo, kisha moto huzimwa na kifaa hupoa humohumo. Joto kavu la nyuzi 170 kwa saa moja ndicho kiwango kinachotumika kutakasa vyombo vya maabara, kwa hiyo kukausha na kutakasa hufanyika kwa mpigo mmoja. Shaba ya viungo haitikisiki, kwani huyeyuka inapopita nyuzi 1,080. Lililo la hatari ni kukimiminia maji baridi kikiwa bado moto.

Nisisitize kwamba oveni huja baada ya kusafisha. Mwenye kuoka kifaa kichafu huigeuza sukari kuwa mkaa, na mkaa huo utatoka vipande vipande ndani ya bia ya upishi utakaofuata. Nadhani vile vipande vyeusi vya Septemba vilikuwa na asili hiyo.

25 Oktoba: Jaribio la mitungi

Nilipika bia nyepesi yenye hopsi kidogo, hopsi zote zikiwa ndani ya mfuko wa chandarua, nikapoza kwa mabamba. Nilichukua mitungi ya glasi iliyochemshwa: mmoja nikaujaza maji ya kimea moja kwa moja kutoka kwenye sufuria yakiwa moto, mwingine kutoka kwenye mdomo wa kipozeo yakiwa yamepoa, yote bila hamira, nikaifunika na kuiweka karibu na tangi la maji moto, mahali penye nyuzi 30 hivi. Jaribio hili ni la kawaida katika viwanda vya bia. Maji ya kimea yasiyo na hamira ni chakula kitupu kinachosubiri mlaji, na kama kipozeo kimeacha bakteria au hamira ya porini, yataanza kutoa povu, kuwa na ukungu au kunuka kabla ya siku tatu kupita. Yakivuka muda huo yakiwa angavu, usafi unatosha kwa matumizi ya nyumbani, kwa kuwa hamira iliyotiwa kwa wingi itakuwa imeshatwaa mji.

Mitungi yote miwili ilivuka. Nimeamua kurudia jaribio hili kila baada ya kipozeo kukaa muda mrefu, kwa kuwa huo ndio ushahidi pekee ninaoweza kuupata kuhusu mahali nisipoweza kupaona.

Siku hiyohiyo nilipanga mtiririko wa kusafisha mara baada ya kupoza. Maji ya kwanza yanayotoka upande wa kupoza ni ya moto sana, na badala ya kuyaacha yaende bustanini nayakinga katika ndoo mbili. Ndoo moja hutiwa PBW, ya pili hubaki na maji matupu kwa kusuuza. Bia inapomalizika kupita, pampu husukuma ndoo ya kwanza ndani ya kipozeo kwa mwelekeo wa kinyume, chuma kikiwa bado na uvuguvugu na uchafu haujapata nafasi ya kushika. Hakuna maji yanayochemshwa upya, na kazi ya kusafisha sufuria huendelea wakati pampu inazunguka.

8 Novemba: Bomba ndani ya bomba

Hiki hakikunisumbua sana. PBW ya uvuguvugu kwa muda mfupi, maji moto, kisha dakika chache za siki iliyopunguzwa makali kuondoa weusi, maji tena, na hewa ya kompresa. Hakiwezi kuingia oveni kwa sababu ya mpira wa nje. Kukikausha kwa kukizungusha kama koili kunawezekana kwa bomba la ndani. Koti la nje hubaki na maji daima, nayo ni maji ya bomba, lakini hapa Minnesota maji yoyote yanayobaki ni hatari kwa sababu nyingine.

15 Novemba: Rafu, na maandalizi ya barafu

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Katika karakana yangu, isiyopashwa joto, usiku wa Januari wa nyuzi 20 chini ya sifuri si habari, na kidimbwi kile cha kwenye mabamba kingetosha kupasua kiungo cha ndani. Ufa wa namna hiyo hauonekani. Unajulikana maji baridi ya bomba yanapoingia katika bia, au bia inapotoka pamoja na maji ya kupozea. Kwa hiyo hakuna kipozeo kitakachokaa karakanani baada ya leo.

Nimejenga rafu ya mbao katika chumba cha chini ya ardhi, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, ambako hewa ya majira ya baridi ni kavu hata mikono hupasuka. Koili imetundikwa kwenye kigingi kinene, midomo yote miwili ikitazama chini. Bomba ndani ya bomba linakaa wima, matundu ya koti la nje yakiwa wazi. Mabamba yamelazwa kwenye wavu wa waya yakiwa na karatasi yao ya alumini kama yalivyotoka kwenye oveni. Midomo mingine yote nimeifunika kwa karatasi ya kuchujia kahawa na kuifunga kwa mpira wa bendi: hewa inapita, buibui hapiti. Vizibo vya kubana nimevikataa. Kifaa chenye unyevu kidogo kilichozibwa ni shamba la ukungu. Kikiachwa wazi kitajikausha chenyewe.

Mipira ya silikoni haiviringishwi. Imetundikwa katikati ya urefu wake juu ya vigingi vya mviringo ili ncha zote mbili zining'inie. Kichwa cha pampu kimefunguliwa skrubu zake, na feni ya ndani ilikuwa na utando wa hopsi nyuma yake ambao mzunguko wa dawa haukuufikia. Valvu ya sufuria ilikuwa mbaya zaidi: valvu ya tufe la chuma hunasa majimaji nyuma ya tufe hilo kila inapofungwa, na ile isiyofunguka haisafishiki. Nitaibadilisha kwa ile ya vipande vitatu.

Mpira wa bustani nao umeondolewa kwenye bomba la nje la nyumba. Bomba lililoundwa lisigande hufanya kazi ikiwa tu linaweza kumwagika. Mpira ukiachwa juu yake, maji hubaki ndani na bomba hupasukia ukutani. Kuanzia sasa maji ya kupozea yatatoka kwenye bomba la chumba cha kufulia.

Wanaopika Dar es Salaam au Mombasa hawana habari ya barafu, lakini wana yao. Maji ya bomba yanayokaribia nyuzi 30 hayawezi kushusha bia hadi 20 kwa kipozeo chochote, na katika hewa ya pwani kifaa kilichoachwa na unyevu huota ukungu upesi sana. Maji ya visima huacha chokaa nyeupe ndani ya bomba, ambayo siki huiyeyusha. Na midomo ya bomba iliyoachwa wazi huzibwa na nyigu wanaojenga kwa udongo, kwa hiyo karatasi ya kahawa ina kazi huko pia. Pengine njia ya Waaustralia ingefaa zaidi: humimina maji ya kimea yakiwa moto katika madumu ya plastiki yanayohimili joto, hufunga, na kuyaacha yapoe yenyewe hadi kesho yake. Kipozeo kisichokuwepo hakihitaji kusafishwa.

17 Januari: Ukaguzi

Mizani inaonyesha kwamba mabamba yana uzito uleule ulioandikwa ubavuni. Koili imekuwa ya kahawia iliyokolea, kavu, bila doa la kijani isipokuwa mahali pamoja: pale bomba la shaba nyekundu linapokutana na kiungio cha shaba ya njano, chini ya klempu ya mpira. Unyevu ulinaswa chini ya mpira huo. Nimeondoa klempu zote mbili, nikapaosha kwa siki, na nimeandika katika utaratibu kwamba mipira ya kuingiza na kutoa maji itavuliwa kila baada ya upishi, hata kama inaudhi.

Bomba ndani ya bomba lilimwaga kijiko cha maji kutoka kwenye koti la nje nilipoliinamisha. Baada ya miezi miwili kando ya tanuri, sikutegemea.

7 Februari: Upishi wa kwanza baada ya mapumziko, na uamuzi

Maji ya bomba msimu huu ni ya nyuzi 4 hivi, na hali hiyo inabadilisha hesabu nzima. Koili, ambayo wakati wa kiangazi hujikokota katika nyuzi za mwisho, leo ilifikisha nyuzi 18 kabla sijamaliza kuosha vyombo vya kimea. Faida ya kasi ya mabamba, ambayo ndiyo hoja pekee ya kuvumilia mzigo wake wa usafi, huonekana Julai na Agosti tu.

Kwa hiyo nimegawa hivi. Koili itatumika kuanzia Oktoba hadi Mei, na wakati wowote bia ina hopsi nyingi zisizofungwa katika mfuko. Mabamba yatatumika kiangazi, kwa bia zenye hopsi kidogo, daima nyuma ya mfuko wa chandarua, na daima yakirudi kwenye rafu kupitia oveni na mizani. Siku nitakayokosa muda wa oveni, sitayatumia. Bomba ndani ya bomba halina msimu ambao halizidiwi na mojawapo ya hayo mawili, na limekwenda kwa yule rafiki wa Star San, likiwa limekaushwa kadiri ilivyowezekana na likiwa na maelezo ya maandishi kuhusu koti la nje. Valvu ya vipande vitatu imeagizwa. Mtungi wa leo uko kando ya tangi la maji moto.